Nzuri Sana, Mwanangu

Kidole gumba cha mamangu kilishuka hadi karibu na skrini, kikasita, kikapanda tena. Kilikuwa na unga. Ilikuwa baada ya alfajiri, mahamri ya kwanza yameshaepuliwa, na mimi nimechuchumaa kando ya karai na kidaftari changu cha utafiti, nikijiona mtu wa maana. Nilikuwa nimemtengenezea programu ya simu ya kuwekea madeni: nani kachukua mahamri mangapi, kalipa lini, kabakisha ngapi. Nikamuuliza aionaje.

"Nzuri sana, mwanangu," akasema. "Mungu akubariki."

Nikaandika: mtumiaji wa 1, ameridhika.

Huo ulikuwa mwaka 2011, zile simu ndogo za Ideos ndiyo kwanza zimeingia madukani na kila mtu aliyesomea kompyuta anataka kutengeneza programu ya kuokoa dunia. Niliwapitia wanawake kumi na wawili hapo Kibokoni na Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, wauza mahamri, viazi karai na mkate wa mofa, na wote kumi na wawili wakaniambia nzuri sana. Nikarudi baada ya wiki mbili. Hakuna aliyekuwa ameandika deni la pili. Simu niliyomwachia Mama ilikuwa imewekwa juu ya daftari lake la shule ili upepo usilipeperushe, na ndani ya daftari madeni yote yamo, kwa kalamu ya risasi, yaliyolipwa yamepigwa mstari.

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile, na bado nikikaa kuandika ripoti naiona ile simu juu ya daftari.

Kazi yenyewe jina lake ni refu: utafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Kwenye fomu za benki huandika "mwalimu", maana kisanduku hakitoshi, na fomu yenye kisanduku kisichotosha ni mfano mzuri tu wa mambo tunayoyachunguza. Wenzangu wa sayansi ya kompyuta hushughulika na mashine inafanya nini ndani. Sisi tunatazama pale mashine inapokutana na mtu, na mara nyingi hapo ndipo mambo huharibika.

Mwalimu wangu wa kwanza wa fani hii hakupata kugusa kompyuta. Ami yangu alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilikuwa karibu na Makadara. Nikitoka chuoni jioni, chuo cha Kurani nakusudia, nilikuwa nakaa pale kumshikia koleo. Wazee walikuwa wakileta redio "zilizokufa". Ami huigeuza, huitazama ubavuni, husukuma kidude kidogo cha kubadilisha mawimbi, na redio huzungumza. Ilikuwa aina moja ya redio yenye kidude hicho pale pale mtu anapoishika akiibeba. Ukiihamisha kutoka barazani kwenda chumbani, kidole kishakitoa kwenye stesheni, na unabaki na mlio wa mafuta yanayokaanga.

Ami hakutoza kitu kwa redio hizo. Alichofanya ni kuomba kichupa cha rangi ya kucha kwa shangazi, akatia tone jekundu pale kidude kinapopaswa kukaa. Siku moja nilimcheka mzee mmoja aliyerudi mara ya tatu. Ami hakuinua uso. "Redio nzima, na mzee mzima," akasema. "Alokosa ni yule alokiweka hiki hapa."

Miaka kadhaa baadaye, Uingereza, nikisomea shahada ya uzamili, mhadhiri alitusimulia habari za Alphonse Chapanis. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kisha, wakiwa bado ardhini, wanakunja magurudumu na ndege inalala kifudifudi. Ikasemwa ni kosa la rubani. Chapanis, mwanasaikolojia, akaenda kutazama ndani: swichi ya magurudumu na ya mabawa ya breki zilikuwa zimepangwa sako kwa bako, sura moja. Dawa yake ilikuwa kubandika kijigurudumu cha mpira kwenye moja na kitu kama kabari kwenye nyingine, ili mkono ujue bila jicho. Darasa zima likaandika. Mimi nikawa nawaza rangi ya kucha.

Kati ya kibanda cha Ami na darasa lile nilipitia Nairobi, shahada ya kwanza, na huko nilifundishwa kinyume chake. Haikuwa kwa ubaya. Tuliandika programu usiku kucha, na mtu akishindwa kuitumia tulikuwa na mzaha uliotoka ng'ambo, kwamba hitilafu iko kati ya kiti na kibodi. Niliucheka kama wengine. Nawaona wanafunzi wangu wa leo wakiucheka na siwakemei. Huwapeleka tu Marikiti, wakakae na mtu mmoja saa nzima bila kumsaidia. Dakika kumi hazipiti mtu hajanyoosha mkono kutaka kubonyeza badala ya mwenye simu. Huo mkono ndio ninaotaka wauone.

Basi turudi kwenye mahamri. Nilirudi Uingereza na simu zangu kumi na mbili na swali moja: kwa nini wamenidanganya? Lilikuwa swali baya. Nilianza kwa kujitetea kihesabu. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha na upana wake, na mwaka 1978 Stuart Card na wenzake wa maabara ya kampuni ya Xerox wakaitumia kanuni hiyo kuonyesha kwamba kipanya kinashinda vifaa vingine vya kuelekezea kwenye skrini. Nikapima vitufe vyangu. Vilikuwa vipana, karibu, vyote vimepita. Lakini hesabu ya Fitts haina mahali pa kutia unga, wala mafuta, wala mtoto wa shule anayepiga kelele "nipe manne, basi laja!" Skrini ya kugusa huhisi umeme mdogo wa kidole, ikipata maji, huhisi na maji. Mama alikuwa akifuta mkono kwenye leso kabla ya kila deni, na kufuta huko kulikuwa kurefu kuliko kuandika deni lenyewe kwa kalamu.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili niliipata kwa kutega masikio.

Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Bangalore. Waliwaonyesha watu vitu viwili vilivyo sawa kabisa, wakadokeza kwamba kimoja kimetengenezwa na huyu anayeuliza. Watu wakakipenda hicho mara mbili na nusu zaidi ya kile kingine. Muulizaji alipokuwa mgeni kutoka nje mwenye mkalimani, ikawa mara tano. Niliusoma nikacheka peke yangu maktabani. Hao ni watu wasiomjua muulizaji. Mimi nilikwenda kumuuliza aliyenizaa! Angesema nini? Pwani mtu hakwambii ubaya usoni, tena ubaya wa kitu ulichokipoteza usingizi kukitengeneza. Atakuombea dua, atakupa mahamri mawili ya njiani, na kitu chako atakiweka juu ya daftari.

Sasa utamtoaje mtu kwenye adabu bila kumvunjia adabu? Lucy Suchman, mwanaanthropolojia aliyekuwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, alinipa njia bila mwenyewe kujua. Alichunguza mashine ya fotokopi ambayo watu walikuwa wakilalamika kuwa ni ngumu. Hakuwahoji. Aliwaweka wawili wawili mbele yake, akawapiga video. Mtu akiwa peke yake huvurugikiwa kimoyomoyo. Wakiwa wawili lazima waambizane. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1987, na miongoni mwa waliokwama mbele ya mashine ile walikuwamo mabingwa wa kompyuta, mmoja wao Allen Newell, aliyesaidia kuasisi fani ya akili bandia. Mlionicheka kwa kushindwa na printa ya ofisini, mko hapo?

Nikarudi Mombasa, nikatafuta wanawake marafiki, wawili wawili. Nikawapa simu moja kila jozi, nikawaambia mimi nimetumwa tu, sijui nani kaitengeneza (Mungu anisamehe, na kamati ya maadili pia, siku hizi nafanya kwa njia ya halali zaidi, naleta matoleo mawili na kusema mojawapo litatupwa). Kisha nikaenda kukaa upande wa pili wa baraza, nikajidai nachambua mchele.

"Si hapo, bibi wee! Wabonyeza wapi?"

"Si hapa pameandikwa?"

"Hiyo ni jina la mwenye deni. Ebu tazama... hee! Mbona laja jekundu?"

"Amechelewa, ndiyo maana."

Kimya kidogo. Kisha yule mkubwa, kwa sauti ya chini: "Huyu mumewe kafa juzi. Arobaini haijafika. Mtu akipita hapa akaliona jina lake jekundu namna hii? Hili si deni tena, ni fedheha."

Niliusahau mchele. Rangi nyekundu nilikuwa nimeitia kwa sababu kila kitabu husema jambo la haraka lionekane haraka. Usiku ule nilimwomba Mama daftari lake, na kwa mara ya kwanza nikalisoma badala ya kulihesabu. Majina hayakuwa majina: "mama wa ngazini", "mrefu", "wa Jumatatu". Watoto waliandikwa pembeni na hawakujumlishwa. Na madeni kama matano yalizungushiwa duara jepesi. Nikauliza duara ni nini. Ni wenye msiba, au ugonjwa, au mwanamke aliyeachwa. Hao hawaulizwi. Daftari lilikuwa na kitu ambacho programu yangu haikuwa nacho, na kwa Kiswahili kina jina la neno moja: sitara. Wenzangu wa fani wana makabati ya makala kuhusu faragha, nami nimeongeza yangu mawili matatu, lakini faragha ya vitabuni ni ya mtu kuficha mambo yake mwenyewe. Sitara ya Mama ilikuwa ya kuwafichia wengine.

Hilo ndilo lililokuwa tasnifu yangu ya uzamifu. Kuiandika kulikuwa kazi ya kawaida ya kuandika. Sina la kusimulia.

Kuna kosa jingine ambalo silisimulii mikutanoni. Nilishiriki kutengeneza mfumo wa kuwatumia kina mama ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kliniki. Kwenye kompyuta miadi ilikuwa 14:00. Tukataka kuandika kwa urahisi, ikawa: "Kliniki yako ni kesho saa 2:00." Nimezaliwa Mombasa, nimesema saa mbili asubuhi tangu nijue kusema, na ujumbe ule ulipita mbele ya macho yangu nisiushtukie, kwa sababu nilikuwa nauona kwenye skrini na kwenye skrini akili yangu husoma Kiingereza. Mama mmoja akaja saa mbili. Asubuhi. Na kichanga mgongoni. Akakaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, muda wa saa sita kamili, idadi ile ile ya saa zinazotenganisha saa yetu na yao. Nilipokwenda kumwomba radhi akanambia, "Si neno, mwanangu."

Sasa neno la wakati halikosi kwenye ujumbe wangu: saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Na hata hapo pana mtego, kwa kuwa wazee wetu siku yao huanza magharibi. Ukimwambia bibi "usiku wa Ijumaa" anaweza kuja Alhamisi, na ni yeye aliye sahihi.

Lugha ndiyo sehemu ya kazi hii inayonipa raha kuliko zote, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Mwandishi wa programu wa ng'ambo huandika sentensi moja yenye tundu: kitu fulani kimefutwa. Tundu linajazwa na chochote. Kwa Kiingereza hakuna anayeumia. Kwa Kiswahili ujumbe umefutwa, picha imefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, na mtu aliyefutwa (kwenye orodha ya simu, msiogope) amefutwa. Sentensi yenye tundu moja inahitaji matundu mawili, na la pili linalijua la kwanza. Kanuni za Unicode, shirika linalopanga maandishi ya lugha kwenye kompyuta, zinazotumiwa na simu karibu zote zinatambua kwamba Kiswahili kina umoja na wingi. Za ngeli hakuna. Ndiyo maana simu yako huzungumza kama mtalii wa wiki ya pili. Watu husema "Kiswahili cha simu ni kigumu" na kurudisha Kiingereza, na kampuni zinahesabu kwamba Waswahili hawataki Kiswahili.

Maneno yenyewe, mimi nayatetea mengi. Mama alipoona "gusa hapa kupakua" aliuliza chungu kiko wapi. Tulicheka, lakini hakusahau tena: kitu kiko kwenye chungu kikubwa huko, wewe wakipakua kwenye sahani yako. Na kupakia ni kinyume chake, kama mzigo kwenye jahazi. Nambieni Kiingereza kina picha gani nzuri kuliko hiyo. "Ghairi" nayo wanafunzi wangu wa bara huilalamikia, ilhali hapa mtoto wa darasa la pili hughairi mara saba kabla ya chakula cha mchana. Lakini "tarakilishi", yaani kompyuta, sijamsikia mtu akiitaja sokoni Kongowea, na sitarajii.

Bibi yangu, mama yake Mama, aliandikwa kwenye karatasi za utafiti mmoja wa wageni kuwa hajui kusoma. Mwanamke huyo alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akawaandikia na majirani zake. Nilipompa kishikwambi chenye picha za harusi, alianza kuzivuta kwa upande ambao mimi naona ni nyuma. Alikuwa anafungua kitabu chake kama vitabu vinavyofunguliwa. Mshale wa "endelea" ulimwelekeza alikotoka. Hakusema kitu; alifika picha ya mwisho kwanza, akaangalia harusi ikirudi hadi siku ya hina, akasema imependeza.

Mwaka 2016 mkutano wa kwanza wa watafiti wa fani hii wa Afrika, AfriCHI, ulifanyika Nairobi, na mimi nilisafiri kwa basi la usiku nikiwa na mabango yangu kwenye mrija wa plastiki. Sitausimulia wote. Ninachokumbuka ni kukaa chumbani na watu ambao sikulazimika kuwaeleza kwa nini simu moja ina watumiaji watano. Miaka hiyo mhakiki mmoja wa jarida la nje aliniuliza kwa maandishi iwapo matokeo yangu yana maana nje ya Mombasa. Ni swali halali. Nangojea tu siku nitakayoona likiulizwa utafiti uliofanyiwa wanafunzi ishirini wa chuo kimoja cha Marekani.

Novemba 2024, Mama alinipigia nipite nyumbani, stima inakaribia kwisha na tokeni "zimekuja nyingi". Mnaikumbuka miezi ile. Mita za kulipia kabla za mfumo huu, Kenya na kwingineko duniani, zilikuwa zikitambua tokeni kwa kuhesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa biti 24, yaani dakika 16,777,216. Tarehe 24 Novemba 2024 nafasi ilikuwa inajaa. Ili mita ianze upya, mteja atie kwanza namba mbili za kuibadilisha, kisha ndiyo tokeni aliyonunua. Kila moja tarakimu 20. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili ya mtu hushika vitu saba hivi kwa mpigo, kuongeza au kupunguza viwili. Mama alikuwa na 60.

Kidude chenyewe cha kutilia namba kimepachikwa nyuma ya mlango wa stoo, juu, ambako taa haifiki. Mama kasimama juu ya kigoda. Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, kashika simu anasoma nne nne, na kila baada ya mafungu mawili anaigusa skrini isizime. Watu wawili, kifaa kimoja. Aliyekitengeneza hakumfikiria hata mmoja wao kikamilifu. Mimi, mwenye uzamifu, nimepewa tochi.

"Sita, sufuri, sufuri, tisa."

"Sita. Sufuri. Sufuri."

"Tisa."

"Nishasikia."

Namba ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakataa. Haikusema tarakimu ipi imekosewa, ilikataa tu, yote ishirini. Wakaanza tena. Ikakataa. Mama akateremsha mkono, akaupumzisha kiunoni, akakitazama kile kidude kama anavyomtazama muuza nazi aliyempa mbovu.

"Kibaya hichi," akasema. "Kimetengenezwa vibaya."

Tochi ilinitikisika. Miaka kumi na tatu nimemweka mwanamke huyu mbele ya kila nilichokitengeneza, na neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake.

"Na chako kile cha madeni," akaendelea bila kugeuka, "nacho kilikuwa kibaya."

"Sasa mbona hukunambia, Mama?"

"Mulika vizuri," akasema. "Nne za kwanza, mwanangu, soma polepole."